Samaki wa Kumi na Sita wa Papa Murhula

Katika ile miaka ambayo kila mwenye bunduki mjini Bukavu alikuwa na serikali yake, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa hakika ni nani anakaa wapi ndani ya Ziwa Kivu, na hakuna aliyemuuliza. Jina lake Murhula Zagabe. Waliomheshimu walimwita Papa Murhula. Waliotaka kumkera walimwita Papa Samaki, ingawa hakuwahi kuvua hata mmoja. Mke wake, Maman Adélaïde, ndiye aliyewanunua kwa wavuvi ili akawauze soko la Kadutu. Kabla hawajaenda sokoni, mume aliwafungua midomo na kuwaangalia meno.

Alikuwa fundi wa maabara katika stesheni moja ndogo ya samaki pembeni ya ziwa, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Vita vya kwanza, mwaka 1996, viliwaondoa wakubwa wa stesheni. Vita vya pili, mwaka 1998, viliondoa nusu ya paa na ukuta mzima wa nyuma. Papa Murhula alibaki na funguo. Kila asubuhi saa moja na nusu alifungua mlango wa mbele, akaingia, akaufunga nyuma yake, wakati mbuzi wa jirani walikuwa wameshaingia zamani kwa upande usio na ukuta. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua na ufunguo. Akanijibu, "Mimi niko fundi, siko mbuzi."

Nchi hii imewapa nyota za mabegani watu wengi waliobomoa, kwa hiyo sioni aibu kutumia aya mbili kwa mtu aliyehesabu meno ya samaki.

Zamani sana, volkano za kaskazini ziliziba bonde, maji yakajaa, yakageuka na kutafuta njia ya kusini, ile tunayoiita leo Ruzizi. Ndani ya maji hayo walibaki samaki wachache wa ukoo mmoja, samaki wadogo wa pembeni, hawazidi kiganja. Baadhi waliishi kwenye mawe, wakakwangua mwani. Baadhi walitafuta wadudu kwenye matope. Baadhi wakaona rahisi zaidi kuwala watoto wa wenzao. Hakuna samaki aliyeamua kubadilika. Ila aliyezaliwa na mdomo uliofaa kidogo zaidi kwa chakula cha pale alishiba kidogo zaidi, akaacha watoto wengi kidogo zaidi, na miaka ilikuwa mingi. Jike wa samaki hawa hubeba mayai mdomoni, anakaa siku na siku bila kula, kwa hiyo hachagui dume ovyo. Anaangalia rangi, na asiyempenda rangi yake anampita. Hivyo, bila mkutano wa amani na bila wapatanishi waliolala hotelini, ziwa moja likapata aina kumi na tano za samaki hao. Wanaishi mawe kwa mawe, kila mmoja na chakula chake.

Tofauti kubwa haionekani nje. Kila mmoja wao ana taya la pili ndani ya koo, mfupa mdogo wa pembetatu wenye meno yake. Anayekula vitu laini ana mfupa mwembamba na meno kama sindano. Papa Murhula aliuchomoa mfupa huo kwa kibano, akauchemsha, akauangalia kwa kioo cha kukuza. Mwaka 1985, katika samaki waliotoka ghuba moja ndogo upande wa Birava, alipata mfupa mnene kama punje ya maharage, wenye meno ya mviringo kama magego. Samaki huyo alikuwa anapasua konokono. Kwa nje alifanana kabisa na mwenzake wa kawaida mla wadudu. Papa Murhula alikaa chini, akanywa maji, akasema peke yake: "Kumi na sita."

Kuanzia siku hiyo maisha yake yalikuwa na kazi moja. Aliendesha baiskeli mpaka kituo cha utafiti cha Lwiro kulinganisha na vitabu vya huko. Alipiga chapa makala ya kurasa kumi na nne kwa Kifaransa, akaituma Ubelgiji. Baada ya miezi kumi na moja profesa mmoja alimjibu kwa mistari mitano: jambo ni la kuvutia, lakini samaki ishirini na watatu hawatoshi, alete zaidi. Barua hiyo aliiweka ndani ya Biblia, na sijui ni ipi aliyoisoma mara nyingi.

Jambo moja kuhusu namna yake ya kufanya kazi lazima nilieleze hapa, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuliona kuwa jambo. Chupa zilikuwa chache na spiriti ilikuwa chache zaidi. Basi samaki wa wazi, mwenye mfupa mnene kabisa au mwembamba kabisa, aliingia chupani na namba yake. Samaki wa mashaka, asiyeeleweka, alipelekwa nyumbani kwenye sufuria ya Maman Adélaïde. Fundi asiyelipwa ana watoto wanaokula kila siku. Ilikuwa sheria nzuri, na aliifuata miaka kumi na tano.

Mwaka 2000, kwenye njia inayopanda kutoka ziwani kwenda Kadutu, kulikuwa na barieri: mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, kibanda cha mabati na askari watano. Mkubwa wao aliitwa luteni Placide, kijana mwembamba wa miaka ishirini na sita. Amri aliyoikuta pale ilikuwa fupi: kila anayepita na mzigo anaacha kitu kimoja cha kila aina. Mwenye kapu la mboga aliacha kabichi moja, karoti moja, kitunguu kimoja. Mama wa samaki aliacha konzi ya sambaza, wale dagaa wa Kivu, na samaki mmoja. Bamama walilaani kwa Kimashi, wakaacha, wakapita. Wizi uliokuwa na mpaka wake ulikuwa karibu sawa na sheria, na sisi tulikuwa tumefika mahali pa kuushukuru.

Siku ya balaa, Maman Adélaïde aliumwa mgongo, mume akambebea beseni mpaka kwenye barieri. Luteni akachungulia ndani.

"Sambaza na samaki. Aina mbili. Pitisha, muzee."

Mtu mwingine yeyote wa Bukavu angepita. Papa Murhula akaweka beseni chini.

"Aina mbili? Mon lieutenant, unasema aina mbili? Mu hii beseni peke yake mi niko naona sita!"

"Murhula," mke wake akasema polepole, "funga kinywa, twende."

"Sita wapi?" luteni akacheka. "Yote iko samaki."

"Yote iko samaki, njo, sawa vile weye na mimi tuko wote batu. Lakini angalia kinywa ya huyu. Unaona meno? Huyu anakwangua majiwe. Sasa huyu mwingine, kinywa iko ndefu, huyu anakula batoto ya benzake."

"Sawa ma-commandant yetu," askari mmoja akasema nyuma, na wenzake wakacheka mpaka luteni akageuka.

Lakini luteni hakucheka. Alikuwa amechuchumaa. Alikuwa amesoma miaka miwili ya bio-chimie kabla vita havijaifunga shule yake, na tangu hapo hakuna mtu aliyemfundisha kitu kingine zaidi ya kulenga. Papa Murhula alichomoa kibano mfukoni, maana alitembea nacho kama wengine wanavyotembea na rozari, akapasua koo la samaki mmoja na kumwonyesha taya la pili. Luteni aliliweka kwenye kiganja, akalisogeza karibu na jicho.

"Na ziwa muzima, muzee, ziko ngapi?"

"Za hawa badogo, kumi na tano," Papa Murhula akasema, na hapo angeweza kuishia. "Na moja tena. Kumi na sita. Ile bado haiandikwe. Ile iko yangu."

Maman Adélaïde aliniambia kwamba wakati huo, mume akimweleza luteni zote kumi na sita mdomo kwa mdomo, alihisi mgongo umepona kwa hasira.

Kesho yake asubuhi barieri ilikuwa na sheria ileile: kitu kimoja cha kila aina. Ila sasa luteni alijua kuhesabu. Beseni lilimwagwa lote juu ya turubai, samaki wakapangwa mmoja mmoja, midomo ikafunguliwa. Beseni zuri lilikuwa na aina nane, mara nyingine tisa, na luteni hakuchagua wadogo. Juu ya yote, kazi ile ilichukua saa nzima kwa kila mama, jua likipanda, na samaki waliofika Kadutu walikuwa wameshalegea macho. Juma la pili luteni alichora kwa mkaa vichwa kumi na sita kwenye kipande kikubwa cha katoni, cha mwisho na mfupa wa koo pembeni yake, akakitundika kwenye kibanda. Michoro ilikuwa mizuri. Papa Murhula alipokiona alivihesabu vichwa kwa kidole mpaka cha kumi na sita. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ameomba mtu mwenye mamlaka, popote duniani, amtambue samaki wake. Sasa alikuwa amepata mamlaka, yenye kalashnikov tano.

Luteni hakumsahau mwalimu wake. Alimwita kibandani, akampa kiti.

"Ile ya kumi na sita, muzee, ulisema profesa anaomba zaidi?"

"Anaomba zaidi."

"Basi mi nitakuwekea. Sisi tunakula nyama, ile mufupa ya koo tunabakisha. Na ile makala yako, uniletee. Kuna ndege ya Goma kila juma. Toka Goma, barua inafika Poto, kule kwa Bazungu. Posta yenu ilikufa, lakini jeshi iko na ndege."

Nataka msomaji apime jaribu hili vizuri. Hakupewa dhahabu wala cheo. Aliahidiwa mifupa na stempu. Siku ileile alipeleka makala yake katika bahasha ya kaki, na luteni akaiweka chini ya redio ya mawasiliano kusubiri mifupa.

Bamama wa samaki walikuwa na kiongozi, Maman Maisara. Babu yake alikuwa ameingia nchi hii na misafara ya biashara kupitia Uvira, na yeye mwenyewe aliweza kunyamazisha soko zima kwa kukohoa. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule mji wetu ulikuwa umejifunza silaha moja isiyo na risasi, ville morte: tunafunga maduka, tunakaa nyumbani, mji unajifanya maiti mpaka wakubwa waone aibu. Hawakuona aibu sana, lakini tulifanya, na najivunia. Maman Maisara alichukua silaha hiyo akaielekeza kwa nyumba moja.

Alikwenda mwenyewe mlangoni kwa Papa Murhula, na bamama saba nyuma yake, kila mmoja na beseni tupu.

"Papa Murhula, jambo."

"Jambo sana, Maman Maisara. Ingieni."

"Hatuingie. Tumekuja kukupa habari. Kuanzia leo, nyumba yako iko ville morte. Hakuna mama atakuuzisha chumvi, hakuna atakusalimia njiani. Na Adélaïde, tunamupenda sana, lakini nafasi yake ku mustari ya samaki tumeifunga."

"Mimi?" Maman Adélaïde akatoka jikoni. "Mimi nilimwambia afunge kinywa!"

"Tunajua, dada. Ulikuwa na kinywa moja ya kufunga, ikakushinda. Sisi tuko nazo kumi na sita za kufunguliwa kila asubuhi."

Papa Murhula alijaribu. Alisema kwamba yeye hakuwaambia askari wachukue, aliwaambia tu ukweli. Alisema ukweli hauna kosa.

"Ukweli?" Maman Maisara akasema. "Papa, mi niko nauzisha samaki miaka makumi tatu. Yule wa majiwe ananuka tofauti, yule wa matope anaoza mbele ya wengine. Unafikiri hatukuwa tunajua? Tulikuwa tunajua na tulikuwa tunanyamaza. Weye ulisoma kila kitu, hiyo ya kunyamaza hawakukufundisha?"

Waligeuza mabeseni, wakayapiga kwa viganja kama ngoma mpaka mwisho wa njia, na mtaa mzima ukatoka kuangalia.

Ville morte ile ilidumu siku kumi na mbili. Watoto walichota maji bila kusalimiwa. Kinyozi alikumbuka ana safari. Usiombe kutengwa na watu wa Kadutu, wana mazoezi. Maman Adélaïde, aliyekuwa amelisha nyumba peke yake tangu stesheni ilipokufa, alikaa uani mikono mapajani. Siku ya kumi na mbili alimwekea mume wake mezani sahani yenye mifupa ya jana.

"Kula," akasema. "Uko unapenda mifupa."

Kisha, bila kupandisha sauti: "Murhula, mi sikukuomba siku moja uache ile samaki yako. Hata siku ile tuliuza baiskeli sikukuomba. Leo nakuomba. Nenda umwambie yule mutoto kama aina ziko mbili tu, sambaza na samaki."

"Ni uongo, Adélaïde."

"Njo. Ni uongo. Wao wanadanganya kila siku na wananenepa. Weye danganya mara moja tu, tule."

Alikwenda asubuhi ya siku ya kumi na tatu. Njiani alijirudia sentensi aliyoiandaa: nilikosea, zote ni samaki mmoja. Alijua itamgharimu nini. Makala ingetolewa chini ya redio na kurudishwa, au kutumiwa kuwashia moto. Ndege ya Goma ingeruka bila samaki wa kumi na sita, na yeye alikuwa na miaka hamsini na nane. Kwenye barieri kulikuwa na mstari wa bamama kumi na moja, mabeseni chini, na Maman Maisara mbele kabisa. Hakuna aliyemsalimia. Maman Adélaïde alikuwa amemfuata kwa mbali, akasimama mwisho wa mstari bila beseni.

"Muzee!" luteni akaita kabla hajafungua kinywa. "Nilikuwa nataka nikutumie mutu. Angalia!"

Akampa kopo kubwa la mafuta ya msaada. Lilikuwa limejaa mifupa ya koo, imechemshwa, imeoshwa, myeupe kama mchele.

"Mia tatu na makumi ine," luteni akasema kwa fahari. "Zote za ile ghuba. Bamama wanatuambia samaki inatoka wapi, mi naandika. Na zile sikujua kama iko ya kumi na sita ao iko ya kawaida, zile za mashaka, nimeweka zote. Sikutupa hata moja."

Sentensi aliyoiandaa ikamtoka akilini. Profesa aliomba zaidi. Luteni huyu hapa na mia tatu na arobaini. Papa Murhula aliketi kwenye benchi la askari, akamwaga kopo kwenye ubao, akaanza kupanga. Minene kulia. Myembamba kushoto. Ilikuwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, na mikono yake ilikwenda haraka. Kisha ikaanza kwenda polepole. Kulikuwa na mifupa isiyotaka kwenda kulia wala kushoto. Aliiweka katikati. Katikati pakajaa. Akaipanga upya, kwa mstari mmoja, kutoka mwembamba kuliko wote mpaka mnene kuliko wote. Mstari ulipomalizika ulizunguka ubao mara tatu, na hapakuwa na pengo mahali popote. Mfupa mwembamba ulinenepa kidogo kidogo, sindano zikawa vijiti, vijiti vikawa mbegu, mbegu zikawa magego, hatua ndogo baada ya hatua ndogo, kama njia ya kupanda Kadutu.

Alikaa akiangalia. Bamama walikaa wakimwangalia yeye.

Alikuwa ameona. Samaki yule alikuwa mmoja. Aliyekulia penye konokono wengi alitafuna vigumu tangu udogo, koo likajenga mfupa mnene, kama mkono wa mpasua mawe unavyojenga misuli. Aliyekulia penye konokono wachache, mfupa ukabaki mwembamba. Wale wa katikati walikuwepo siku zote. Walikuwa wanafika kwenye meza yake tangu mwaka 1985, na yeye, kwa sheria yake nzuri, alikuwa anawapeleka nyumbani kuliwa.

"Adélaïde," akaita kutoka kwenye benchi, mbele ya wote. "Zile samaki za mashaka, nilikuwa nakuletea ngapi kwa juma?"

"Mingi," mke wake akajibu kutoka mwisho wa mstari. "Watoto walikomaa kwa hizo. Ju ya nini?"

"Basi," akasema. "Jibu tuliikula." Akasimama. "Mon lieutenant, nilikosea. Ya kumi na sita haiko. Iko samaki moja tu."

Ilikuwa karibu neno kwa neno sentensi aliyokuja kuidanganyia.

Luteni alikunja uso. Aliangalia mstari wa bamama, akaangalia mwalimu wake.

"Muzee, hawa bamama wamekutisha."

"Wamenitisha kabisa. Lakini toa kisu. Weka pale aina moja inaisha na ingine inaanza."

Luteni alitoa kisu cha bunduki, akainama juu ya ubao, akakiweka. Akakisogeza. Akakirudisha. Aliita askari wa pili, naye akakiweka mahali pengine. Wa tatu akakiweka karibu na mwisho kabisa, akasema yeye anaona hapa, na wa pili akamwambia ni kipofu, wakaanza kusukumana. Maman Maisara, bila kuombwa, alitoka kwenye mstari, akachukua kisu kutoka mkononi mwa askari kana kwamba ni chake, akaangalia mifupa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akamrudishia.

"Hakuna pa kukata," akasema. "Hata mutoto anaona."

Luteni aliketi. Sura yake, wanasema, ilikuwa ya mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umefutwa.

"Na zile zingine?" akauliza. "Zile kumi na tano? Nazo ni hivi?"

Hapo palikuwa pagumu kuliko kisu. Zile kumi na tano hazikuwa hivyo. Mkwangua mawe ni mkwangua mawe, mla watoto ni mla watoto, na ukipanga mifupa yao utaona mapengo ya kupitisha lori. Papa Murhula alijua hilo kama anavyojua jina lake. Aliangalia mabeseni kumi na moja chini, jua lilikuwa limeshayafikia. Aliangalia mke wake asiye na beseni.

"Zote," akasema, akichagua maneno kama anavyochagua meno, "zilitoka ku samaki moja."

Kila herufi ilikuwa kweli. Luteni alisikia alichosikia.

"Sasa mbona ulinifundisha kumi na sita?" akasema, na sauti ilikuwa ya kitoto. "Mi nilikuwa nimeshika kumi na moja mu kichwa. Bila kuangalia katoni."

"Uko mwanafunzi muzuri," Papa Murhula akasema, na hilo pia lilikuwa kweli. "Ulibakisha zile za mashaka. Mimi sikubakisha."

Luteni alisimama, akachomoa katoni kwenye msumari. Kwa kuwa mamlaka haiwezi kurudi nyuma bila karatasi, alidai jambo liandikwe. Karatasi hapakuwa. Basi akaigeuza katoni, akampa Papa Murhula mkaa. Papa Murhula akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa lebo za chupa: "Katika ziwa kuna aina mbili za samaki: wadogo na wakubwa. Murhula Zagabe, fundi wa sayansi." Luteni akapiga muhuri chini yake, akaitundika tena, maandishi mbele na vichwa kumi na sita vikiangalia bati.

"Na barua yako ya Poto?"

"Nirudishie. Haina kazi tena."

Bamama walipita, konzi ya sambaza na samaki mmoja kila beseni, kabla ya saa tatu. Maman Maisara alipofika kwa Papa Murhula alisimama.

"Jambo, Papa Murhula," akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Ville morte ilikuwa imekwisha. Siku ileile Maman Adélaïde alirudi kwenye mstari wa samaki.

Papa Murhula aliandika makala mpya, fupi kuliko ile ya kwanza na bora mara kumi, jinsi samaki mmoja anavyojenga koo mbili kulingana na anachokula, na jinsi huenda ndivyo njia ya kuwa aina mbili inavyoanza. Alipoimaliza akaipeleka kwenye barieri. Luteni Placide alikuwa amepelekwa kwenye mapigano upande wa Kamanyola, na aliyekuja badala yake hakutaka kujua kitu kuhusu koo la mtu yeyote. Makala iko ndani ya Biblia, pamoja na barua ya profesa. Kama kuna msomaji wangu mwenye ndege, ajitokeze.

Kwa hiyo, mpaka ninapoandika, kazi pekee ya Murhula Zagabe iliyowahi kutolewa hadharani na kupigwa muhuri ni ile katoni. Bamama humsomea kwa pamoja wakimwona anapanda njia, "wadogo na wakubwa!", naye huvua kofia.

Stesheni bado haina ukuta wa nyuma. Spiriti imekwisha kabisa, sasa anatumia kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, na mbuzi wamejifunza kukaa mbali na rafu. Amebadilisha jambo moja tu katika namna yake ya kufanya kazi. Samaki wa wazi wanakwenda kwa Maman Adélaïde, kwenye sufuria. Wa mashaka wanaingia chupani, kila mmoja na namba yake.